Ndagala ni nani, na yuko hatarini kwa hesabu ya nani?

Mwaka 2006 wataalamu waliokuwa wakipima hali ya samaki wa Ziwa Tanganyika walifika kwa ndagala. Kazi yao ilikuwa ya Orodha Nyekundu, daftari la dunia linaloonyesha ni kiumbe gani kiko karibu kutoweka na kipi bado kiko imara. Daftari hilo hutunzwa na muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN. Lina ngazi: juu kabisa wako waliokwisha kutoweka, wakifuatwa na walio mahututi, walio hatarini, walio dhaifu, walio karibu na hatari, na chini kabisa wale wasiotia hofu. Ndagala aliandikwa kwenye ngazi hiyo ya chini, ya Wasiwasi Mdogo.

Mpelekee habari hiyo mama anayeanika samaki Kabezi, kilomita kama 20 kusini ya Bujumbura kwenye barabara ya Rumonge, naye atakuuliza unazungumzia ziwa gani. Yeye anapima ndagala kwa kile kinachoshushwa mtumbwini alfajiri, na kwa bei anayolazimika kulipa kabla hajaanza kufikiria faida. Hesabu yake haifanani na ya daftari. Nimeandika makala haya kwa sababu naamini mtaalamu na mama huyu wote wawili wanasema kweli, na kwamba tukielewa inakuwaje wote wawe sahihi, tutajua la kudai kwa wanaolisimamia ziwa hili.

Tuanze na samaki mwenyewe. Ndagala aliyekomaa hazidi sana sentimita 10. Ni mwembamba, ubavuni ana mstari wa fedha unaong'aa, na magamba yake hubanduka kwa kuguswa tu. Maisha yake ni mafupi: mwaka mmoja na miezi michache, basi. Chakula chake ni planktoni, vijidudu vinavyoelea katikati ya maji, vingi vidogo kuliko punje ya mtama. Mchana hushuka kina kujificha, usiku hupanda kufuata chakula, na hapo ndipo mvuvi anapompata. Tangu zamani wavuvi wa ziwa hili walimvuta kwa moto wa kuni uliowashwa mtumbwini. Zikaja karabai miaka ya 1950, na siku hizi ni taa za betri. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na mwalo hutulia mpaka giza lirudi.

Ana ndugu mmoja tu ndani ya ziwa, naye ni lumbu, au lumpu kama wasemavyo wengine. Lumbu ni mnene zaidi, anaweza kufika sentimita 17, na hutaga mayai karibu na nchi kavu. Watoto wake hukulia kwenye maji ya kina kifupi, mbele ya mchanga ule ule ambako watu wanaoga na kufua. Kwa hiyo wavu wa kukokota ufukoni unamuumiza lumbu kuliko ndagala: unakomba watoto kabla hawajaenda maji makuu kukutana na wazazi wao. Sokoni wote wawili huchanganywa, hasa wakiwa wadogo, lakini muuzaji mzoefu huwatenganisha kwa jicho.

Sayansi ilichukua muda kuwatenganisha. Mwaka 1904 na 1905 Mwingereza William Cunnington alizunguka ziwa akikusanya samaki, na mwaka 1906 George Albert Boulenger, aliyekuwa akifanya kazi kwenye makumbusho ya London, alimwelezea lumbu kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi. Alimweka katika jenasi ya samaki wa mito ya Afrika Magharibi. Mwaka 1917 Charles Tate Regan, wa makumbusho hayo hayo, aliwatazama upya. Akampa lumbu jenasi yake mwenyewe, Limnothrissa, na akamtaja ndagala kuwa spishi mpya katika jenasi ya peke yake, Stolothrissa tanganicae. Mpaka leo kila mmoja yuko peke yake katika jenasi yake. Ndagala hana pacha popote duniani.

Ukoo wao ndio unaoshangaza. Ndagala na lumbu ni wa kundi la heringi na sadini, samaki wa bahari. Simu anayevuliwa Zanzibar ni jamaa yao, na sadini wa kopo dukani ni jamaa yao vilevile. Vitabu vya zamani viliwaweka wote katika familia moja kubwa, Clupeidae. Miaka ya karibuni, baada ya DNA kusomwa, waainishaji wameigawa familia hiyo, na samaki wetu wawili wamehamishiwa Dorosomatidae pamoja na sadini wa bahari za joto. Kwa upande mwingine, dagaa wa Mwanza na Kisumu, ambaye pia huonekana katika masoko ya Bujumbura akiwa mkavu, si wa ukoo huu hata kidogo. Yeye ni wa upande wa karpu, ukoo wa samaki wa maji baridi tangu mwanzo. Wamefanana kwa sababu wanafanya kazi moja: kula planktoni, kutembea kwa makundi, na kung'aa ili adui asijue pa kuuma. Anayenunua mkavu wa Viktoria akidhani ni ndagala aliyeletwa kwa njia nyingine amenunua samaki mwema, ila ni wa ukoo mwingine na wa ziwa lenye matatizo mengine.

Samaki wa baharini amefikaje kwenye ziwa lililo katikati ya bara? Swali hili liliwasumbua wasomi wa karne ya 19. John Moore, Mwingereza aliyefika hapa mara mbili kati ya 1895 na 1900, aliona konokono wenye makombe mfano wa yale ya baharini, akaona na jelifishi wanaoelea kwenye maji yasiyo na chumvi. Katika kitabu chake cha 1903 alihitimisha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki nchi kavu baada ya bahari kurudi nyuma. Wazo lilivutia, lakini halikuwa sahihi. Ardhi yenyewe inakanusha. Ziwa hili limetokana na kupasuka kwa bara, Bonde la Ufa lile lile tunaloliona milima yake ikisimama upande wa Uvira na upande wa Bururi, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Halijawahi kuungana na bahari.

Jibu lilipatikana mwaka 2008, pale Anthony Wilson, Guy Teugels na Axel Meyer walipolinganisha DNA ya heringi wa maji baridi wa Afrika nzima. Njia yao ni rahisi kuelewa. Vinasaba hubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi. Kadiri samaki wawili wanavyotofautiana, ndivyo babu yao wa pamoja alivyoishi zamani zaidi. Waligundua kwamba babu za ndagala waliingia Afrika Magharibi kutoka baharini kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa imefurika na kuingia bara. Maji ya bahari yaliporudi, baadhi ya samaki walibaki mitoni na kuzoea maji yasiyo na chumvi. Wakazaana, wakagawanyika katika spishi nyingi, wakasambaa kwa mito upande wa Kongo, kizazi baada ya kizazi, na ziwa lilipokuwa bado changa wakaliingia. Kwa hiyo Moore alikuwa na nusu ya ukweli: samaki ni wa bahari, ziwa si la bahari. Uhamiaji wao ulianza kabla ziwa lenyewe halijakuwapo.

Habari hii ina maana kubwa kwa mtu wa Kabezi. Samaki waliokwisha kukaa maji baridi kwa mamilioni ya miaka hawana mlango wa kurudi baharini kuomba msaada. Heringi wa Atlantiki wakivuliwa kupita kiasi Ulaya, kuna bahari pana ambako wengine wanaweza kutokea. Ndagala hana pengine. Maskani yake ya asili ni ziwa hili tu, na majaribio ya kumhamisha hayakufaulu. Wabelgiji walipochukua vifaranga vya ndagala na lumbu kwenda Ziwa Kivu mwaka 1959, aliyeshika mizizi huko ni lumbu, na ndiye leo watu wa Goma na Bukavu wanamwita sambaza na Wanyarwanda isambaza. Lumbu huyo huyo alipelekwa bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968, akashamiri, na kutoka hapo akashuka na Zambezi hadi Cahora Bassa. Kama kesho Tanganyika ingepoteza lumbu wake, mbegu ingepatikana Kivu au Kariba. Mbegu ya ndagala haiko popote.

Sasa swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalogusa mfuko moja kwa moja. Je, ndagala wa Kabezi ni wale wale wa Kigoma na Mpulungu, au kila pembe ya ziwa ina wake? Ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 670. Konokono na samaki wengi wa mawe wa Tanganyika hutofautiana kutoka ghuba hadi ghuba, hata rangi zao hubadilika unapovuka ufuo mmoja wa mchanga. Ingewezekana kabisa ndagala naye awe na makundi yasiyochanganyika. Kama ingekuwa hivyo, Burundi, ambayo ina asilimia kama 8 tu ya ziwa, ingeweza kutunza ndagala wake na kufaidi matunda yake peke yake.

Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Els De Keyzer, mtafiti wa Ubelgiji, ilisoma maelfu ya alama katika DNA ya ndagala waliokusanywa sehemu mbalimbali za ziwa. Haikuona mipaka. Mwaka uliofuata Julia Junker, Catherine Wagner na wenzao walitoa kazi kubwa zaidi juu ya ndagala na lumbu wa urefu wote wa ziwa, pamoja na lumbu wa Kivu. Mwanzoni samaki walionekana kugawanyika katika makundi yaliyo wazi, jambo ambalo lingemfurahisha mtafiti yeyote. Walipochunguza zaidi wakakuta kwamba makundi hayo ni madume na majike. Kila spishi ina sehemu kubwa ya vinasaba inayoamua jinsia, na sehemu hiyo si ile ile kwa ndagala na kwa lumbu, ingawa ni ndugu. Kwa lumbu waliona pia kipande kikubwa cha kromosomu kilichopinduka, ambacho wengine wanacho na wengine hawana. Idadi ya walio nacho hubadilika unapotoka kaskazini kwenda kusini, na Kivu hali ni tofauti kabisa. Lakini umbali wenyewe, mamia ya kilomita, haukuwatenga samaki.

Lazima niseme wazi jambo hili lina maana gani na halina maana gani. Halisemi kwamba samaki aliyevuliwa leo Rumonge wiki iliyopita alikuwa Zambia. Wasafiri wachache katika kila kizazi wanatosha kuchanganya damu ya ziwa zima, na ghuba moja inaweza kukombwa ikakaa tupu kwa msimu huku nyingine ikijaa. Linachosema ni kwamba hakuna ndagala wa Burundi. Wapo ndagala wa Tanganyika, ambao Kongo ina asilimia kama 45 ya maji yao, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Wavu uliotandazwa Kalemie unachota kwenye hazina ile ile inayotegemewa na katamarani za Kabezi, mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti na wavu wa kuinua katikati. Sheria kali upande mmoja na ulegevu upande mwingine ni kujitaabisha bure.

Turudi kwenye Orodha Nyekundu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoipokea vibaya. Orodha hiyo inajibu swali moja tu: kuna uwezekano gani wa spishi hii kutoweka kabisa duniani? Ina vigezo vya namba. Ili samaki aitwe dhaifu kwa sababu ya kupungua, idadi yake inapaswa kushuka kwa asilimia 30 au zaidi katika miaka 10, au katika vizazi vitatu kama hivyo ni virefu kuliko miaka 10. Ndagala anaishi mwaka mmoja na kidogo, kwa hiyo vizazi vitatu vyake ni vifupi sana na kipimo kinachomhusu ni kile cha miaka 10. Ili aitwe dhaifu kwa sababu ya udogo wa eneo lake, eneo hilo liwe chini ya kilomita za mraba 20,000, pamoja na masharti mengine. Tanganyika ina kama 32,900. Na ndagala wako wengi mno: samaki mmoja mmoja wanahesabika kwa mabilioni. Kwa vigezo hivi, Wasiwasi Mdogo ni jibu la haki.

Lakini tazama kinachopita katikati ya vigezo hivyo. Samaki anayepungua polepole kwa miaka 100, asilimia chache katika kila miaka 10, hatafika asilimia 30 ndani ya dirisha lolote la miaka 10. Daftari halitamwona. Mjukuu atakula pungufu ya alichokula babu, na spishi itabaki kwenye ngazi ile ile ya chini. Orodha Nyekundu haikutengenezwa kupima lishe, na si kosa lake. Kosa ni letu tukiisoma kana kwamba imepima.

Na ushahidi wa kupungua polepole upo, umelala chini ya ziwa. Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walitoa mirija ya matope kutoka sakafu ya ziwa. Matope ya Tanganyika hujipanga tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, yakihifadhi mifupa na magamba ya samaki, makombe ya konokono na mabaki ya mwani. Katika kazi yao ya 2016 walionyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua katika karne ya 19, sambamba na maji kupata joto, kabla Wagiriki wa Usumbura, Bujumbura ya leo, hawajaleta meli za nyavu kubwa katika miaka ya 1950. Tena walilinganisha vipimo vya sasa na vile vya msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947, wakakadiria kwamba sehemu ya sakafu ya ziwa yenye oksijeni, wanakoishi konokono, kaa na samaki wa chini, imepungua kwa asilimia 38 katika maeneo waliyochunguza. Kabla yao, mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake walikuwa wamekadiria kwamba uzalishaji wa mwani ziwani umeshuka kwa asilimia kama 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia kama 30. Jessica Tierney na wenzake waliongeza mwaka 2010 kwamba joto la maji ya juu limefika kiwango ambacho hakijaonekana kwa miaka 1,500.

Joto la maji linamnyima vipi samaki chakula? Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini huku kaskazini oksijeni huishia kama mita 100 tu. Chini ya hapo ni giza bila pumzi, na ndiko kulikolala mbolea ya ziwa: fosforasi na naitrojeni kutoka kwa kila kilichokufa na kuzama. Mwani unahitaji mwanga wa juu na mbolea ya chini. Vitu hivi viwili hukutanishwa na upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, kwetu, na maji ya chini huibuka upande wa Mpulungu. Upepo ukilegea, ziwa zima huanza kuyumba, likipanda na kushuka ndani kwa ndani kwa wiki kadhaa, na kuyumba huko huleta mbolea hadi kwenye mwanga hata upande wetu. Mwani huota, planktoni hula mwani, ndagala hula planktoni, samaki aitwaye mukeke humla ndagala, na mtu hula wote wawili. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakakaa juu ya yale ya chini kama mawese juu ya mchuzi, na upepo ule ule haufui dafu kuyachanganya.

Kwa hiyo wingi wa maji si wingi wa samaki. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani Gatumba na Rumonge, watu wakahama, na nimesikia watu wakijiliwaza kwamba angalau samaki wataongezeka. Kinachomlisha ndagala ni maji ya chini kukutana na ya juu. Ziwa likiongezeka mita kadhaa bila mchanganyiko huo, chakula chake hakiongezeki.

Baada ya kusema haya kuna hatari ya mtu kuosha mikono: kama ni joto la dunia, basi wavu wangu hauna hatia. Sikubali. Sangala wakubwa, jamaa za mukeke waliokuwa wakivuliwa kwa wingi na meli za Bujumbura, walitoweka karibu kabisa katika mavuno ya kaskazini baada ya miongo michache ya nyavu hizo, na wawili kati yao Orodha Nyekundu iliwaandika kuwa hatarini. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 meli zenyewe zilianguka hapa kaskazini, biashara ikabaki kwa katamarani na mitumbwi. Joto linapunguza kiasi ambacho ziwa linaweza kuzaa, na wavu unachukua kutoka kiasi hicho kilichopungua. Uvuvi uliovumilika wakati wa babu zetu unaweza kuwa mwingi mno leo hata kama mitumbwi haikuongezeka, na imeongezeka.

Hapa ndipo ninapopima uamuzi wa kufunga ziwa. Nchi nne zilitia saini mkataba wa pamoja wa ziwa mwaka 2003, na mamlaka iliyotokana nao makao yake yako Bujumbura. Kutoka kwenye ushirikiano huo ulikuja mpango wa kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa samaki anayeishi mwaka na kidogo, miezi mitatu ni sehemu kubwa ya maisha. Anayeachwa muda huo anapata kutaga, na samaki wa aina hii huzaana haraka wakipewa nafasi. Na kwa kuwa DNA imesema ni hazina moja, mapumziko yana maana pale tu nchi zote zinapopumzika pamoja. Naunga mkono mpango huu kwa sababu hizo. Siungi mkono namna unavyomwachia mzigo mtu asiye na akiba. Mwenye katamarani kadhaa ana shamba la michikichi la kumsogeza. Kijana anayevuta kamba usiku, na mama anayenunua beseni kwa mkopo wa jana, hawana. Kufunga bila chakula wala mkopo wa miezi mitatu ni kuwafundisha watu kuvua kwa kujificha.

Na yako mambo yasiyongoja mkataba. Ndagala huliwa mzima, kichwa na mifupa, na ndiyo sababu mtoto anayepewa ndagala na ugali wa muhogo anapata protini, chokaa ya mifupa na vitamini ambavyo mnofu peke yake haumpi. Kila ndagala anayeozea mchangani mvua inapokatiza uanikaji ni chakula kilichokwisha lipwa na ziwa, kwa gharama ile ile ya planktoni na upepo. Vichanja vya waya vilivyoinuliwa kutoka ardhini hukausha haraka, hewa ikipita juu na chini, na samaki hana mchanga. Vimeonekana kufaa katika mwambao huu wa Burundi. Kichanja hakiongezi hata samaki mmoja ziwani, lakini kinaongeza samaki wanaofika kwenye chungu, na hiyo ndiyo hesabu ya mama wa Kabezi.

Ninachotamani kukiona kabla ndagala hajapimwa tena ni hesabu ya pili kando ya ile ya IUCN: kilo zinazoshushwa kila usiku wa giza, urefu wa samaki, idadi ya taa na mitumbwi, zikiandikwa kwa njia moja Kabezi, Rumonge, Kigoma, Kalemie na Mpulungu, na zikisomwa mwaloni kwa lugha ambayo wavuvi na wanunuzi wanaielewa. Samaki akipungua kidogo kidogo, hesabu hiyo itamwona mapema, na wanaomtegemea watakuwa na namba za kuweka mezani pale tarehe ya kufunga ziwa na msaada wa miezi hiyo vinapojadiliwa.